Bamba Lililopigwa Risasi
Leo nimeshika mkononi bamba la tabaka mbili baada ya jaribio: mbele feleji ngumu, nyuma aloi ya alumini (alumini iliyochanganywa na metali nyingine), ambayo kwa ujazo uleule uzito wake ni kama theluthi moja tu ya feleji. Tundu la mbele lina kingo safi, kana kwamba limetobolewa kwa keke. Nyuma alumini imevimba na kupasuka kama petali, risasi ikiwa imenasa humo, ncha yake butu kabisa. Nakiri kwamba nilidhani tabaka nyingi ni bora daima, kumbe mabamba membamba ya metali moja, yakipangwa tu bila kuunganishwa, mara nyingi huzidiwa na bamba moja lenye unene sawa na wa yote kwa jumla, kwa kuwa kila moja hupinda peke yake.