Jumapili ya Montreuil, wazee wanabishania darasa la saba

Kwenye jiko la hoteli nilikokuwa naosha vyombo hapa Paris, mkubwa wetu wa zamu alikuwa mzee wa Kisoninke kutoka Mali, wote tulimwita Tonton, na mshahara ukitoka tu kitu cha kwanza anachofanya ni kutoa euro 10, anaikunja anaitia mfuko wa ndani wa koti peke yake, haichanganyi na hela nyingine. Hiyo ya mfuko wa kijiji chao kule Mali. Siyo ya mkewe wala ya watoto, hao wana fungu lao.

Februari 2014 akaniambia mdogo wangu Jumapili hii usiende popote, njoo Montreuil uone sisi tunakaaje vikao.

Montreuil ni pale pale mashariki mwa Paris, unapanda metro laini ya 9 unafika, na Wamali walivyojaa pale aisee ukitembea mtaani unasikia Kisoninke na Kibambara kuliko Kifaransa. Wengi wao kwao ni mkoa wa Kayes, magharibi kabisa mwa Mali, unapopakana na Senegal na Mauritania. Joto la Kayes ni la kupigiwa mfano, mvua ni ya miezi michache tu halafu basi, na ule ukame wa Sahel wa miaka ya 70 mwanzoni uliwamalizia mifugo na mtama. Vijana walikuwa wameshaanza kuja Ufaransa tangu miaka ya 60, viwanda vya magari vilikuwa vinawahitaji na barabara za Paris zilikuwa zinataka wafagiaji, sasa Julai 1974 Ufaransa ikafunga mlango wa wafanyakazi wapya na waliokuwa ndani wakabaki wakijua wao ndio ghala la kijiji.

Kikao kilikuwa ukumbi wa chini wa foya, zile hosteli za wafanyakazi wahamiaji. Viatu mlangoni, wazee viti vya mbele, vijana wamesimama ukutani, harufu ya mafe ile mchuzi wa karanga inashuka kutoka jikoni na mbegu za kola zinapita mkono kwa mkono. Tonton akanikalisha karibu na kijana mmoja wa umri wangu awe ananitafsiria kwa Kifaransa.

Mweka hazina akafungua daftari. Hilo daftari sitalisahau, kubwa la jalada gumu, kila ukurasa familia moja, majina yameandikwa kwa wino wa bluu na miezi kumi na mbili imechorewa vijumba. Anaita jina, mtu anaitika, anapeleka hela, anawekewa alama ya vema. Akaitwa mzee mmoja akasimama akasema kampuni ya usafi imempunguza kazini tangu Desemba, mi nikasubiri nisikie miguno, hakuna aliyeguna. Mweka hazina akamchorea kiduara kidogo kwenye kile kijumba akaita jina linalofuata. Kijana akaninong'oneza kiduara maana yake mwenzetu ana shida, hadaiwi, na akifariki leo mwili wake utasafirishwa kwao kwa hela za mfuko wa kijiji kama wa mtu mwingine yeyote.

Tonton alinieleza zamani hela zilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, kufuli mbili, funguo kwa watu wawili wa koo tofauti. Maana wageni walikuwa hawaruhusiwi kuanzisha chama mpaka wapate kibali cha serikali, sheria ikabadilishwa Oktoba 1981 ndo wakasajili, wakafungua akaunti ya benki. Kwa utaratibu huo wa kumi kumi walijenga msikiti kwanza, halafu zahanati, halafu mnara wa maji, halafu shule ya madarasa sita. Na Montreuil yenyewe ilikuwa na udugu rasmi na wilaya ya Yélimané tangu 1985, ni kule kule Kayes, kwa hiyo mradi ukiwa mzuri na wao wameshatoa sehemu yao iliwezekana kupata nyongeza. Ila lazima watangulie wao.

Ajenda ya siku ile ilikuwa darasa la saba.

Mali shule ya msingi ni miaka tisa, sita ya kwanza halafu tatu, mwisho kuna mtihani wanaita DEF. Kijiji kilikuwa na ile sita tu. Mtoto akimaliza la sita anapelekwa kukaa kwa ndugu kijiji kingine mbali ili asome la saba, wavulana wanapelekwa, wasichana wanabaki nyumbani na mwaka mmoja au miwili mbele wanaozwa. Mzee mmoja mwenye kofia nyeupe akasema tumeshawapa shule, sasa msikiti unavuja, na mfuko wa kusafirisha miili umepungua sana msimu huu wa baridi, tumezika wengi. Hakusema vibaya. Hayo yalikuwa mambo ya kweli na nusu ya ukumbi ilikuwa upande wake.

Akasimama mama mmoja. Kina mama walikuwa wamealikwa kwa sababu na wao wana kikundi chao kinachochangia, wamekaa nyuma karibu na mlango. Yule mama anasafisha maofisi La Défense, ule mtaa wa maghorofa ya makampuni, anaamka saa tisa usiku. Akasema, wazee wangu, mimi barua za benki nasomewa na mwanangu wa miaka tisa, karatasi ya daktari nasomewa na mwanangu, mambo yangu ya ndani yote anayajua mtoto. Mdogo wangu kule kijijini ana binti yuko la tano. Hela yangu imo humo ndani, naomba imfikie yule.

Akakaa. Ukumbi ulichangamka watu wanaongea kwa pamoja, mi nikasikia mwili wote umesisimka.

Ndo yule kijana mtafsiri wangu akaomba ruhusa akauliza swali ambalo kwangu lilikuwa ndio lenyewe: kuta tunaweza, mwalimu tunamtoa wapi? Nchi ilikuwa bado haijatulia, mapinduzi ya Machi 2012, vita vya kaskazini, rais mpya hana hata mwaka. Zahanati yao iliwahi kukaa muda mrefu na kitanda kipya na mlango mpya bila muuguzi, ofisi inasema jengeni kwanza, wakishajenga inasema subirini. Mimi natoka Muleba, Tanzania, maboma ya madarasa yaliyojengwa na wananchi yakakosa bati na mwalimu nayajua, kwa hiyo nilimwelewa kabisa. Jengo linapigwa picha siku ya kufunguliwa, mwalimu anataka kula kila mwezi.

Wakampigia chifu wa kijiji, simu ikawekwa spika juu ya meza. Mbuzi wanalia huko nyuma, sauti inakatika inarudi, salamu peke yake zilichukua muda mrefu maana anauliza familia moja moja. Mwisho akasema matofali na mchanga ni juu yetu, na nguvu za vijana zipo, saruji na bati ni zenu. Mwalimu akija atakula majumbani kwetu kwa zamu.

Ikapita hivyo: vyumba vitatu, na mfuko ulipe walimu wawili mpaka serikali itakapowachukua. Msikiti ukapewa bati za kuziba na ahadi ya mwaka unaofuata. Yule mzee wa kofia nyeupe ndiye aliyefunga kikao kwa dua.

Mi na Tonton tukarudi zamu ya jioni, akafanya kazi kama siku zote, masufuria yale yale.

La saba likaanza Oktoba 2015, mwalimu wa hesabu alitoka Bamako akapewa chumba kwa kina Tonton bila kodi. Juni 2018 wale wa kwanza wakafanya DEF. Mi nilikuwa nimeshahama hoteli, Tonton akanipigia kunisomea waliofaulu, mpwa wa yule mama yumo. Kabla sijampongeza akaendelea, sasa hawa wanataka lisee, yaani sekondari ya juu, na lisee iko Kayes mjini, watalala wapi? Kikao Jumapili, uje.