Wimbo Ulitangulia Maneno

Baba alipopata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vililala. Lakini kilichotuumiza zaidi ni maneno. Alinitazama akijua kabisa mimi ni nani, akafungua kinywa kuniita, likatoka jina la mtu mwingine. Nikimuuliza kama nizime taa, anajibu, "Jumapili." Anajisikia amekosea, anafumba macho kwa hasira.

Daktari alitueleza kwamba damu iliziba upande wa kushoto wa ubongo, ambako kwa watu wengi ndiko lugha inakokaa, na upande huohuo ndio unaoendesha mkono na mguu wa kulia. Nilielewa vizuri. Lakini uchungu haukupungua.

Wageni walikuja na maneno ya faraja. "Furahini katika Bwana siku zote," mmoja akanikumbusha, "Paulo aliwaandikia Wafilipi hayo akiwa kifungoni." Nikamjibu kimoyomoyo kwamba Paulo alikuwa na minyororo, ila ulimi alikuwa nao.

Usiku nilimsomea Baba Biblia. Nilichagua kitabu cha nabii Habakuki kwa sababu kinaanza na manung'uniko, na mimi ndiyo niliyokuwa nayo: "Ee BWANA, nilie hata lini, wewe usitake kusikia?" Jibu analopewa nabii ni baya kuliko swali lake: Wakaldayo, yaani jeshi la Babeli, wanakuja. Kisha, kwenye sura ya 3, mtini hauchanui, zizi ni tupu, naye anasema, "Walakini nitamfurahia BWANA." Nilirudia mistari ile nikitafuta mahali mtini ulipokuja kuchanua. Hapapo. Kitabu kinaishia hapo, kwa wimbo wa kuimbwa kwa vinanda.

Ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha pili walikuwa wanaimba taratibu wimbo wa zamani wa kanisani. Baba, mwimbaji wa besi tangu ujana wake, akaingia. Nilidhani anaguna tu. Hapana, alikuwa anatamka! Maneno mazima, yamenyooka, ubeti mzima mpaka kiitikio. Nikamwambia, "Baba, hebu sema sasa, bila kuimba." Akajaribu, yakagoma. Akaimba tena, yakaja. Akacheka kwa upande mmoja wa uso, nami nikacheka mpaka machozi, hadi muuguzi akaja kutukumbusha kwamba wenzetu wamelala.

Asubuhi daktari hakushangaa. Kuimba hutumia pia upande wa kulia wa ubongo, akasema, na wapo wagonjwa wanaoimba yale wasiyoweza kuyasema. Shangazi aliuita muujiza. Sikuona haja ya kuwaamulia. Aliyeumba ubongo na pande zake mbili nilikuwa namshukuru tayari.

Kabla ya usiku ule sala zangu zilikuwa za masharti: mponye kwanza, nitashukuru baadaye. Sasa nilishukuru mkono ukiwa bado umelala, na sikujua kama ungeamka. Hofu haikuondoka. Nilikuwa naye Baba, naye alikuwa na besi yake, na Mungu niliyemlalamikia hakuwa amenifukuza.

Mtaalamu wa matamshi akaanza kumfundisha sentensi fupi kwa kuziimba, huku akipiga vidole vya mkono wa kushoto. Sentensi ya kwanza aliyoimudu Baba ilikuwa, "Nisogezee mto." Aliiweka kwenye lahani ya kiitikio kilekile. Nikamsogezea. Akanitolea macho: nilikuwa sijaimba sauti ya kwanza.