Jicho langu nililipima kwa futi

Bado navaa miwani. Nikienda sokoni Ngamiani naivaa, nikienda harusini naivaa, na nikingoja basi la Pangani naivaa, maana bila hiyo kibao cha mbele sikisomi. Kila anayejua kwamba nimebadilishiwa lenzi macho yote mawili huniuliza: sasa operesheni ilikuwa ya nini? Wengine huuliza kwa huruma, wakidhani nimetapeliwa. Sikutapeliwa. Nilichagua iwe hivi, na naandika leo kwa sababu mtoto wa kaka yangu naye anataka kubadilisha zake, na tumelizungumza jambo hili mpaka usiku mwingi.

Kazi yangu ni kofia. Nashona kofia za mkono, zile za viua, na nikipata kazi ya kanzu nadarizi shingo. Mbali sikuwahi kuona vizuri tangu utotoni. Shuleni dawati langu lilikuwa la mbele siku zote. Lakini karibu, jamani, nilikuwa naona kila kitobo. Wenzangu walipopita miaka arobaini wakaanza kuisogeza sindano mbali na uso na kuita watoto wawatungie uzi. Mimi nilivua miwani tu nikaendelea na kazi. Wateja walidhani nina macho ya ajabu, kumbe ni hayohayo mabovu ya mbali yaliyokuwa yakinisaidia.

Kisha akaja mtoto wa jicho. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe ukapotea kabisa. Nyeupe na krimu zikawa rangi moja, na kwa kazi yangu hilo ni janga, kwa sababu kofia yenye kiraka cha krimu haivaliwi Idi.

Daktari alinieleza vizuri, namshukuru. Lenzi tuliyozaliwa nayo ina uhai wake: ukitazama karibu inanenepa, ukitazama mbali inabapa. Kwenye miaka 40 hivi inakuwa imekakamaa kiasi cha kusumbua, ndipo watu wanapokimbilia miwani ya kusomea. Ikiendelea kuzeeka inaingia ukungu, na huo ndio mtoto wa jicho. Katika operesheni jicho halitolewi nje kama watu wanavyohadithiana vibarazani. Unapigwa ganzi, inafunguliwa njia ndogo pembeni, lenzi inatolewa, kifuko chake chembamba kinaachwa, na ndani ya kifuko hicho inawekwa lenzi ya plastiki. Hii mpya ya kawaida hainenepi wala haibapi. Ina umbali mmoja tu inaouona sawasawa, na umbali huo unaamuliwa kabla hujalala kitandani.

Hapo ndipo nataka mnisikilize. Watu tunauliza bei, tunauliza kama inauma, tunauliza tutakaa siku ngapi bila kuoga kichwa. Hatuulizi: nitaona wapi?

Aliponiuliza kama nataka kuona mbali bila miwani, nilimwuliza na sindano nitaionaje. Akasema kwa miwani ya kusomea. Nikatoa futi kwenye mkoba, nikashika kofia kama ninavyoishika nikiwa kazini, nikamwomba anipime kutoka jichoni mpaka kidoleni. Sentimita 40. Akapiga hesabu mbele yangu: 100 gawanya kwa 40 ni 2.5, kwa hiyo nitakuachia namba hasi 2.5, yaani namba ya miwani ya asiyeona mbali; ikizidi kuwa kubwa, ndivyo mbali kunavyozidi kufifia. Nilikuwa hasi 7. Leo nashona bila miwani tangu asubuhi, uzi natunga mwenyewe, na krimu naitambua hata taa ikiwa hafifu. Mbali naona kwa miwani nyepesi kuliko ile niliyoizoea maisha yote. Fundi mwenzangu anayeshona kwa cherehani, au mwalimu, au mvuvi, angechagua namba nyingine, naye angekuwa sahihi.

Kipimo ndicho kila kitu hapa. Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi kutoka mbele hadi nyuma, na ukikosea milimita moja tu katika kulipima, namba ya miwani inakwenda kombo kwa kama 2.5. Hata mwanzilishi wa kuweka lenzi hizi kosa hilo lilimpata. Harold Ridley, daktari wa London, aliona kwamba vipande vya plastiki vya vioo vya ndege za kivita vilikaa ndani ya macho ya marubani bila jicho kuvikataa, na mwaka 1949 akamwekea mgonjwa lenzi ya plastiki ya aina hiyohiyo. Lenzi ilikaa, ila nguvu yake ilizidi mno, na yule mgonjwa akaachwa haoni mbali kabisa. Kwa hiyo mkinipima macho msiniharakishe, na nyie msikubali kuharakishwa.

Sasa huyu kijana wetu. Ana miaka thelathini na kitu, namba yake hasi 6, na anaendesha Fuso la machungwa ya Muheza kwenda Dar, usiku. Mtoto wa jicho hana. Amechoka na miwani tu: jasho, vumbi, inateremka puani. Ameona video za lenzi zenye umbali zaidi ya mmoja, anazitaka. "Shangazi, wanaona mbali na karibu, miwani wanatupa."

Ni kweli, wapo wengi wanaotupa. Lakini lenzi zile zinafanya hivyo kwa kuugawa mwanga, fungu la mbali na fungu la karibu, kwa hiyo kila upande unapata pungufu. Kwenye giza vitu haviachani vizuri, na taa zinazokuja mbele zinaota duara za mwanga. Wengi huzoea baada ya miezi, wengine hawazoei, na wapo wanaorudi kuomba zitolewe. Nikamwuliza: taa za malori kutoka Segera mpaka Chalinze unazihesabu?

Na kuna kubwa kuliko hilo. Lenzi yake bado inanenepa na kubapa. Akiitoa leo, jicho lake linazeeka miaka ishirini kwa nusu saa, wala hairudi. Tena jicho lisiloona mbali huwa refu, na retina yake, ule utando wa nyuma unaopokea mwanga, imevutika ikawa nyembamba. Lenzi ikitolewa, hatari ya retina kubanduka inapanda, na inapanda zaidi kwa kijana, kwa mwanamume na kwa mwenye jicho refu. Yeye ana yote matatu. Mimi mwenyewe nina jicho refu, ndiyo maana nilifundishwa dalili nikazishika kichwani: vimweko vya mwanga, vidoa vyeusi vingi kwa ghafla, au kivuli kinachoshuka kama pazia. Ukiviona, ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni Idi.

Simkatalii kuchoka na miwani. Nimevaa tangu nikiwa mtoto, najua uzito wake. Ila kwa umri wake kuna njia zinazoiacha lenzi yake mahali pake: kunyoosha konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, kwa leza, kama konea yake ni nene vya kutosha, au kuongezewa lenzi nyembamba mbele ya ile ya asili, ambayo siku ya siku inaweza kutolewa.

Juzi kanipigia akiwa njiani. Amepata miadi, na anataka kujua aanze kuuliza nini. Nikamwambia asianze kuuliza. Aanze kusema: naendesha lori, usiku, na hii ndiyo kazi inayolisha watoto wangu. Baada ya hapo ndipo ataje hizo lenzi za kwenye video.