Mwandishi Aliyeshika Kamera

Wiki hii yote nimekuwa na Ara Güler, mpiga picha wa Uturuki. Nikimaliza shughuli zangu nafungua picha zake za Istanbul, nakaa na moja tu, na ninaposhtuka usiku umekwisha kwenda. Napenda kupiga picha za mtaani, napenda na kusoma, na kwa miaka mingi niliyapa mapenzi haya kila moja saa zake. Kamera mchana, kitabu usiku. Huyu mzee ndiye aliyenifanya niyatazame kama kitu kimoja.

Kwa asiyemjua: Güler alizaliwa Istanbul tarehe 16 Agosti 1928 katika familia ya Waarmenia, akafia jiji hilohilo Oktoba 2018. Baba yake alikuwa mfamasia mwenye duka la dawa huko Beyoğlu, na marafiki zake wengi walikuwa watu wa jukwaani. Kijana akakua na ndoto hiyo. Alisomea uigizaji kwa Muhsin Ertuğrul, bingwa wa tamthilia ya Uturuki, akitamani siku moja aongoze michezo au aiandike yeye mwenyewe. Aliandika pia hadithi fupi kwa Kiarmenia, zikachapishwa na Waarmenia wenzake wa Istanbul. Mwaka 1950 akaingia gazeti la Yeni Istanbul, na tangu hapo kamera haikumtoka mkononi. Baadaye aliyapigia picha majarida ya Time, Life, Paris Match na Stern, na watu wakamwita Jicho la Istanbul.

Wanaosimulia maisha yake huzipita hadithi zile mbiombio, kama jambo la ujana lililokwisha alipopata kazi ya maana. Mimi naona zilibaki naye hadi mwisho, na ushahidi uko ndani ya picha.

Chukua ile ya Sirkeci, mtaa wa Istanbul, ya mwaka 1956. Ni majira ya baridi, kiza kinaingia, theluji imeganda kando ya reli. Tramu inakuja taa imewaka, na mwenye mkokoteni wa farasi anahangaika kujiondoa njiani. Basi. Hakuna msikiti mashuhuri uliopangwa vizuri nyuma, hakuna uso unaotutazama. Lakini kaa nayo kidogo. Kuna mtu mwenye haja yake, kuna mnyama, kuna chuma kisichojua kubembelezwa, na kuna muda mfupi mno wa kuamua. Picha inakatika kabla hatujajua kama alipita salama. Msomaji yeyote wa hadithi fupi anaijua hali hiyo ya kuachwa katikati, ukalazimika kumalizia mwenyewe. Nami kila nikiitazama namalizia tofauti.

Halafu kuna jambo ambalo Güler hakuweza kulijua alipobonyeza kitufe. Tramu za upande wa Ulaya wa Istanbul zilisimamishwa mwaka 1961. Ile tramu inayoonekana pale kama mbabe wa barabara, anayemfukuza mwenye farasi, ilikuwa imebakiza miaka mitano tu. Anayefukuza na anayefukuzwa wote walikuwa wanaondoka. (Tramu moja ya kizamani ilirudishwa barabara ya İstiklal mwaka 1990, lakini hiyo ni ya kumbukumbu zaidi kuliko ya usafiri.)

Istanbul ya mwaka 1950 ilikuwa na watu karibu milioni 1. Leo wamezidi milioni 15. Güler aliishi katikati ya badiliko lote hilo na hakuhama. Aliona nyumba za mbao zikibomolewa, mitaa ikipasuliwa ipite barabara pana, watu wa bara wakimiminika na mizigo yao. Daraja la Galata alilolipiga picha asubuhi kwa asubuhi, lenye wavuvi, wachukuzi na moshi wa meli za abiria, lilikuwa lile lililofunguliwa mwaka 1912. Liliungua mwaka 1992, na lililopo sasa ni jingine. Kwa hiyo ukitaka kulivuka lile la zamani, njia iliyobaki ni karatasi zake.

Ninachompendea zaidi ni kwamba hakulipenda jiji kama mtalii. Aliwahi kusema kwamba akipiga picha ya Aya Sofya, kilicho muhimu kwake ni mtu anayepita pale. Jengo lenye karne karibu 15, lenye kuba ambalo dunia nzima hulisafiria, naye anamsubiri mpita njia! Nikilikumbuka hilo hupunguza haraka yangu. Ninapopiga picha, jicho langu hukimbilia mapambo ya ukuta, mwanga mzuri dirishani, kivuli kilichochongoka. Yote hayo mazuri, lakini hayana haja na mtu, na yasiyo na haja hayana hadithi.

Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo wake. Mwaka 1952 alikwenda kwa wavuvi Waarmenia wa Kumkapı, mtaa wa pwani wa Istanbul, akakaa nao hadi wakaacha kumjali. Na mwaka 1958, alipotumwa kwenye ufunguzi wa bwawa huko mkoani, dereva akapotea njia na usiku ukawakuta katika kijiji cha Geyre. Hapo akakuta wanakijiji wakiishi na mawe ya kale: wengine wanacheza karata juu ya vichwa vya nguzo za Kirumi, vipande vya nguzo vimeingia kwenye kuta za nyumba. Ulikuwa mji wa kale wa Aphrodisias. Picha zake ndizo zilizoufanya ulimwengu uutupie macho, na mwaka 1961 mwanaakiolojia Kenan Erim akaanza kuuchimbua kwa miaka mingi iliyofuata. Mwingine angepiga picha ya mawe peke yake. Güler alipiga na wacheza karata, na bila wao sidhani kama magofu yale yangemgusa mtu kwa namna ile.

Waandishi walimtambua kama mwenzao. Yaşar Kemal, mwandishi wa riwaya wa Uturuki, alikuwa rafiki yake wa karibu. Mwandishi mwingine wa riwaya, Orhan Pamuk, aliyezaliwa Istanbul mwaka 1952, alipotoa kumbukumbu zake za jiji hilo mwaka 2003, kurasa zilijaa picha za nyeusi na nyeupe, na nyingi zilikuwa za Güler. Pamuk anaona humo huzuni ya jiji zima. Nami naiona, lakini naona kwanza kazi: mabega yaliyobeba, mikono iliyoshika nyavu, mtu anayewahi kivuko. Huzuni inakuja baadaye, kwa sisi tunaojua kilichopotea.

Kuna jambo moja ambalo sikubaliani naye. Güler alikataa katakata kuitwa msanii. Alisema yeye ni mwanahabari wa picha, anayeandika historia kwa macho. Naielewa heshima aliyokuwa nayo kwa tukio lenyewe. Hakutaka kusingizia kwamba yeye ndiye aliyeiumba theluji ya Sirkeci. Ila wapiga picha wengi walikuwa wakizunguka mitaa ileile miaka ileile, na kazi zao hazinikeshezi. Kuchagua wapi sentensi ikatike ni sanaa, hata mwenyewe akikana.

Jumba la makumbusho lenye jina lake lilifunguliwa Bomonti, Istanbul, tarehe 16 Agosti 2018, siku aliyotimiza miaka 90, miezi miwili kabla ya kifo chake. Nafurahi sana kwamba aliliona. Jioni hizi, hata hivyo, mawazo yangu yako zaidi kwenye zile hadithi fupi. Ziliwahi kutoka kitabu kizima katika miaka ya tisini, naye ameshapita umri wa miaka 60. Sisomi Kiarmenia wala Kituruki. Natamani sana mfasiri mmoja wa Kiswahili azichukue, maana nataka kujua kama wavuvi wake wa kwenye maneno wanasimama vile wanavyosimama kwenye picha, na kama huko nako aliikata hadithi kabla mwenye mkokoteni hajavuka.