Ramani ya Yerusalemu iliyochapwa na Wafransisko, na birika ya Bethzatha

Mnaopanga kwenda hija Nchi Takatifu bebeni hela ya ziada, maana ile mnayolipia parokiani inaishia kwenye ndege, basi na hoteli, na hoteli yenyewe sisi tulilazwa Bethlehemu kwa sababu Yerusalemu ni ghali, kwa hiyo kila asubuhi mnaanza na foleni ya ukaguzi ndo muingie mjini. Chupa ndogo ya maji karibu na Lango la Yafa walitaka shekeli kumi, hela ya kule Israeli. Kahawa ukikaa kwenye kiti bei nyingine, ukisimama bei nyingine. Galilaya, Yeriko na Bahari ya Chumvi naziacha, kila aliyekwenda anazo picha zake. Mimi nataka niongelee ramani.

Tulikuwa tumetoka Kaburi Takatifu, Baba Padre akatupa muda wa kuzunguka, akina mama wa kwaya wakaingia kwenye rozari za mzeituni. Mimi kazi yangu ni uchapaji, na baba yangu mzazi kapiga mashine miaka na miaka kwenye kiwanda cha misheni pale Kipalapala, Tabora, kwa hiyo nikiona duka la karatasi za zamani miguu inakwenda yenyewe. Duka lipo kwenye kichochoro mtaa wa Wakristo, jembamba, limejaa mpaka darini. Mzee wa Kipalestina amekaa ndani, mvi tupu, akanikaribisha, rafiki yangu unatoka wapi, nikamwambia Tanzania, akaniwekea mezani ramani ya Yerusalemu kwenye fremu. Orijino, akasema, ya mapadre, zaidi ya miaka mia. Dola mia tatu.

Nikamwomba aitoe kwenye fremu. Hakupenda ila akaitoa. Natembea na lenzi yangu ya kazini mfukoni, nikainamia ile karatasi, na pale pale nikaona vidoti, vile vidoti vidogo vya rangi nne vilivyopangwa kwa mistari, yaani ofseti kabisa, uchapaji wa mashine za siku hizi, kazi ya juzi juzi. Nikamwambia, mzee wangu, hii imetoka kwenye mashine kama ya kwangu, njoo uangalie mwenyewe. Akachungulia kwenye lenzi muda mrefu tu, halafu akacheka kwa sauti, akamwita kijana alete chai ya mnanaa, akafungua droo ya chini kabisa, akatoa ramani nyingine.

Hiyo sasa ndiyo ilinifanya nikae mpaka simu za Baba Padre zikawa hazihesabiki.

Karatasi yenyewe ndogo, ina alama za kukunjwa, maana ilitoka ndani ya kitabu cha kuongozea mahujaji. Nikaiwekea lenzi, hakuna kidoti hata kimoja. Mistari imekaa bapa juu ya karatasi, vivuli vya vilima vina chembechembe kama za chaki, na pembeni hakuna ule mbonyeo unaoachwa na bamba la shaba likigandamizwa. Hiyo ni chapa ya jiwe, mtu amechora kwa mkono juu ya jiwe, kinyumenyume, kila herufi. Maandishi Kifaransa, na chini pembeni kumeandikwa kuwa imechapwa Yerusalemu na mapadre Wafransisko. Hawa Wafransisko wanatunza mahali patakatifu pale tangu karne ya 14, na kiwanda chao cha uchapaji kilianza kazi 1847, ndani ya mji ule ule. Kwa hiyo aliyeichapa alikuwa akitoka nje ya karakana yake anaiona Yerusalemu kwa macho. Mimi nimeona ramani nyingi za kwenye Biblia zilizochorwa na watu wa Ulaya ambao hata hawakufika, hii ni kitu kingine kabisa.

Mwaka hauna. Mzee akasema 1900 na kitu. Nikaanza kuzunguka na kidole kwenye ukuta wa mji, upande wa kaskazini magharibi, nikarudi tena, hakuna lango. Asubuhi ile ile tulikuwa tumeingia kwa Lango Jipya kwa miguu yetu, na kwenye ramani pale ni ukuta mtupu. Nikamwonyesha. Lango lile lilifunguliwa 1889, kwa hiyo ramani ni ya kabla ya hapo, mzee anajua kuliko mimi, akapiga meza kwa kiganja. Lango la Yafa nalo ukuta wake mzima, haujabomolewa ule upenyo wa 1898 wa kumpitisha Kaiser Wilhelm wa Ujerumani na magari yake ya farasi. Tukawa tunasoma mji kwa vitu ambavyo havipo. Halafu na vilivyokuwepo: mbele ya Ukuta wa Maombolezo, pale ambapo leo ni uwanja mkubwa watu wanasali, ramani imejaa nyumba, ndio mtaa wa Wamaghribi, watu wa Afrika Kaskazini waliokaa pale tangu enzi za mtoto wa sultani Saladini, ukabomolewa Juni 1967. Mzee hapo aliweka kidole akakaa kimya kidogo, na mimi sikuuliza.

Nikatafuta Afrika yangu nikaipata, Wahabeshi wameandikwa pale juu kwenye Kaburi Takatifu, na tulikuwa tumewaona saa chache nyuma, watawa wa Ethiopia wanaishi juu ya paa la kanisa kwenye vijumba vidogo vya udongo. Nikatafuta na kanisa la Mtakatifu Anna, lipo. Kwa mtu wa Tabora hilo kanisa lina uzito wake, maana Mapadre Weupe, yaani Wamisionari wa Afrika, walikabidhiwa kulitunza 1878, na mwaka huo huo msafara wao wa kwanza ukatoka Bagamoyo kuelekea maziwa, ukapitia kwetu.

Sasa kilichonishtua. Karibu na Mtakatifu Anna inatakiwa iwepo birika ya Bethzatha, ile ya Yohana sura ya tano, yenye matao matano, ambapo yule mtu alikuwa hawezi kwa miaka 38 na Bwana akamwambia jitwike godoro lako uende. Kwenye ramani haipo pale. Imeandikwa kusini yake, kwenye bwawa kubwa linaloegemea ukuta wa Haram, ule uwanja wa msikiti wa Al-Aqsa, bwawa linaloitwa Birket Israil. Nikajua hapo ndo patakuwa na stori.

Bei ya ile orijino alisema dola elfu moja na mia mbili, chini ya hapo hashuki, na nilijaribu kila njia. Kwa hela hiyo nanunua karatasi ya kazi ya miezi. Nikamwomba nipige picha, akakubali, na hakunidai hata senti, tena akanishikia taa. Kwenye basi nilikuta watu wamenuna, nikawaomba radhi.

Kesho yake tulikuwa na misa Mtakatifu Anna. Kwaya yetu iliimba mle ndani nikasisimka mwili mzima, sauti inapanda kwenye mawe na inachelewa kushuka. Padre mmoja Mzungu mzee akatokea nyuma anatusalimia kwa Kiswahili cha Kanda ya Ziwa, kumbe kakaa Mwanza muda mrefu. Nikamwonyesha picha ya ramani. Akanishika mkono mpaka ukingoni mwa shimo, shimo refu sana, mawe ya enzi zote yamepandana. Akasema mapadre wale wa ramani hawakudanganya, karne nyingi watu waliamini Bethzatha ni lile bwawa la Birket Israil, kwa sababu hii ya kweli ilikuwa imefukiwa chini ya majengo na vifusi. Ni 1888 Conrad Schick, Mjerumani aliyekuja Yerusalemu kama mmisionari fundi akaishia kuwa msanifu majengo na mpimaji wa mji mzima, alipotoa taarifa ya birika iliyoonekana hapo uwanjani kwao. Walipozidi kuchimba zikatokea birika mbili zimetenganishwa na ukuta katikati, na hapo yale matao matano yakaeleweka, manne pande zote na moja juu ya ule ukuta wa kati. Na lile bwawa lingine lilifukiwa 1934, leo watu wanapaki magari juu yake.

Toka nimerudi nawaza maghala ya parokia zetu. Kipalapala, Peramiho, Ndanda, misheni zimechapa vitu vingapi, katekisimu, kalenda, vitabu vya nyimbo, na vingi vimeliwa na mchwa tunaviangalia. Parokia moja nilikuta kurasa za zamani zinafungia mishumaa, na iliniuma.

Ile ramani nitaichapa mwenyewe. Picha zimetoka safi, natafuta karatasi nzito ya pamba, Dar wanaiuza bei ya kuumiza lakini nitaipata. Mama mmoja wa kwaya ameniambia nikiichapa nirekebishe, niiweke birika mahali pake halisi ili watoto wa mafundisho wasipotee. Nimemkatalia kwa heshima. Ikirekebishwa itakuwa ramani yangu mimi, na ramani zangu zipo tele dukani. Watoto nitawaeleza mwenyewe kwa mdomo, na nakala ya kwanza naipeleka Kipalapala.