Kumbukumbu ya Mradi: Kuiandaa Land Cruiser Mwanza kwa Ajili ya Jangwa la Chalbi

Novemba

Gari lenyewe ni Toyota Land Cruiser pikapu, modeli ya HZJ79, ambalo kabla ya kufika mikononi mwangu lilikuwa likibeba samaki kutoka mialo ya Magu hadi viwandani Mwanza, na kwa sababu hiyo bodi lake la nyuma lilikuwa limeliwa na kutu ya maji ya barafu, ingawa chasi na injini vilikuwa vizima. Injini ni 1HZ ya dizeli, yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164. Haina tabo, na pampu yake ya mafuta haitegemei kompyuta yoyote. Fundi wa Nyakato anaijua, na fundi wa Marsabit anaijua vilevile, jambo ambalo kwangu lina thamani kuliko kasi.

Lengo ni kuvuka Jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya. Njia niliyoichora inatoka Mwanza kupitia Bunda na Tarime hadi mpakani Sirari, inapanda Kisii na Nakuru hadi Maralal, kisha inaingia Baragoi, South Horr na Loiyangalani kwenye ufuko wa Ziwa Turkana, na kutoka hapo North Horr, Kalacha na Maikona hadi Marsabit, ambako lami ya kurudi kusini kupitia Isiolo inaanza kumpa mtu matumaini. Kati ya Maralal na Marsabit ni yapata kilomita 500, sehemu kubwa bila lami, na sitaki kupanga safari kwa kutegemea kwamba mafuta yatapatikana njiani.

Nilipokaa na kalamu, hesabu ilianza na maji. Nimeweka lita 8 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na kujipangusa, na kwa watu wawili kwa wiki moja, pamoja na akiba kidogo, ninapata lita 120, yaani kilo 120. Mtu aliyezaliwa Mwanza hapimi maji kwa kilo, kwa sababu ziwa liko chini ya dirisha. Lakini Ziwa Turkana, pamoja na ukubwa wake wote, lina chumvi, magadi na floraidi nyingi, na si maji ya kutegemea kunywa. Dizeli ikafuata. Injini hii hutumia lita 12 au 13 kwa kilomita 100 za lami, na kwenye mchanga, kwa gia nzito, inaweza kufika 20. Kilomita 500 ni lita 100, na nikiongeza nusu yake kwa ajili ya kupotea njia na kurudi nyuma ninafika 150. Matangi mawili ya gari yanachukua lita 180, na kwa kuwa lita moja ya dizeli ina uzito wa kama kilo 0.84, yakijaa ni kilo 150. Tukijumlisha watu wawili, gari limeshabeba zaidi ya kilo 400 kabla ya kuwekwa hata sufuria moja. Kila uamuzi uliofuata umetokana na hesabu hiyo.

Desemba

Wengi walitarajia niweke hema juu ya paa, kama magari ya watalii yanayopita kwenda Serengeti. Nilikataa kwa sababu mbili. Hema la aina hiyo lina uzito wa kilo 50 au 60, nao unakaa mahali pabaya kuliko pote, juu kabisa, ambako unalifanya gari liyumbe kwenye miteremko ya mawe. Sababu ya pili ni upepo. Kusini mwa Loiyangalani kumejengwa shamba la umeme wa upepo lenye mitambo 365, jumla ya megawati 310, na watu hawajengi mitambo 365 mahali ambapo upepo ni wa kubahatisha. Sitaki kulala juu ya paa, ndani ya turubai, kwenye upepo uliowavutia wawekezaji.

Tutalala ndani ya sanduku la nyuma. Nimeondoa bodi lililooza, na fundi wa kuchomelea wa Nyakato ametengeneza fremu ya mabomba ya mraba, iliyofunikwa kwa mabati ya alumini, yenye urefu wa kutosha mtu kunyoosha miguu na kimo cha mtu aliyeketi. Fremu ilikamilika haraka, lakini vumbi lilitusumbua. Nilipoliendesha gari kwenye barabara ya changarawe nje ya Igoma, sanduku lilijaa vumbi laini hadi kwenye magodoro, ingawa mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa mpira mpya.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja wa Kirumba anayeunda mitumbwi. Nilimwendea kwa sababu ya kalafati, kwa kuwa mtu anayeziba maungio ya mbao za mtumbwi kwa pamba na mafuta hawezi kushindwa na maungio ya bati. Alilizunguka gari, akainama, akaniuliza, "Mwanangu, kwenye mtumbwi maji yananisukuma kutoka chini. Hilo vumbi lako linasukumwa na nini?" Swali hilo ndilo lililonifanya nitafute jibu. Gari linapokwenda huacha nyuma yake eneo lenye mgandamizo mdogo wa hewa, nalo sanduku lililofungwa mbele na kuvuja nyuma huvuta hewa kutoka pale pale ambapo vumbi limejaa. Kuziba peke yake hakutoshi, kwa sababu daima kuna upenyo uliosahauliwa. Mzee aliziba maungio yote ya nyuma na ya chini, nami nikatoboa tundu la hewa juu, upande wa mbele, likitazama linakoelekea gari na kufunikwa kwa chujio la injini kuukuu. Gari likienda, hewa huingia kwa mbele na kutokea kwenye nyufa za nyuma, na vumbi hukosa njia. Tumerudia barabara ile ile ya Igoma, na shuka zimebaki na rangi yake.

Januari

Nilikuwa nimepanga friji ya umeme wa volti 12. Friji ya lita 40, betri ya pili ya kuiendesha, chaja ya kuunganisha betri hiyo na altaneta, nyaya, fyuzi na paneli ya jua vilinipa jumla ya kilo 50 hivi, na hiyo ni betri ya lithiamu, maana ya asidi ya ukubwa huo ni nzito zaidi ya mara mbili na haifai kutumiwa chini ya nusu ya chaji yake. Kilo 50 ni maji ya mtu mmoja kwa siku sita. Nilijiuliza friji itahifadhi nini, na jibu la kweli lilikuwa nyama na soda baridi.

Friji imeondolewa kwenye orodha. Badala yake chakula kitatoka Mwaloni, Kirumba, na kwa kina mama wa Usukumani: dagaa waliokaushwa vizuri juani, matobolwa na michembe (vyote ni viazi vitamu vilivyokaushwa), unga, karanga, maharage machache na ndimu. Wazee wetu walikausha viazi vitamu ili vivuke kiangazi, na sioni kwa nini visivuke Chalbi. Ni kweli kwamba chakula kikavu hudai maji wakati wa kupika, kwa hiyo nimetofautisha: matobolwa yalishachemshwa kabla ya kuanikwa, hivyo huliwa yalivyo wakati wa mchana, huku michembe na maharage, vinavyotaka kuchemka muda mrefu, vikisubiri vituo vyenye visima kama Kalacha. Binamu yangu, dereva wa lori la pamba ambaye ndiye mwenzangu wa safari, amepokea habari za soda kwa huzuni isiyo na kiasi.

Februari

Tairi ndiyo sehemu ya mradi iliyoleta ubishi mwingi kuliko zote. Nimebaki na saizi ya 7.50R16 yenye mpira wa ndani, juu ya ringi za chuma zenye pete ya kufungulika, wakati ushauri wa kisasa ni tairi pana zisizo na mpira wa ndani. Hoja yangu ni kwamba tairi hizi ndizo zinazovaliwa na Canter nyingi, kwa hiyo hupatikana hata katika miji midogo, na mtu yeyote mwenye vyuma vya kubandulia na kiraka anaweza kuziba pancha kando ya barabara. Mawe ya volkano yaliyotapakaa karibu na Loiyangalani hukata tairi ubavuni, na mkato wa ubavu kwenye tairi isiyo na mpira wa ndani mara nyingi ndiyo mwisho wake. Yangu naweza kuishona, kuitia kipande cha mpira kwa ndani na kufika nayo Marsabit polepole.

Gharama ya uamuzi huo iko kwenye mchanga. Ukipunguza upepo, tairi hurefuka pale inapogusa ardhi, uzito hutawanyika, na gari huelea badala ya kuzama. Ila tairi yenye mpira wa ndani ikishushwa mno huweza kuteleza juu ya ringi, ikauvuta mpira na kung'oa vali. Tulikwenda kujaribu kwenye mto uliokauka wilayani Meatu, ambako mchanga ni mzito na laini. Kwa PSI 45 (kipimo cha upepo wa tairi), ambazo ni za kawaida nyuma gari likiwa na mzigo, lilizama hadi kwenye difu ndani ya urefu wake wenyewe. Kwa PSI 30 lilisogea kwa kulalamika. Kwa PSI 22 lilivuka kwa gia ya pili ya seti nzito bila kusimama, na nilipochora chaki kutoka kwenye ringi hadi kwenye tairi, mstari haukuachana. Kipimo changu ni hicho, na sitashuka zaidi. Kompresa ndogo ya kurudishia upepo imepewa nafasi bila mjadala, kwa sababu tairi laini ikirudishwa kwenye changarawe kwa mwendo hupata joto na kupasuka.

Huko huko Meatu ndiko tulikomaliza suala la winchi, mashine ya kamba ya chuma ya kulivuta gari lililokwama. Binamu alisema, "Bwana we, unaendaje jangwani bila winchi?" Nikamuuliza ataifunga kwenye mti gani. Akajibu kwamba tutazika tairi la akiba liwe nanga, jambo ambalo kwa hakika hufanywa, lakini shimo la kuzika tairi ni kazi ya saa nzima juani, na winchi pamoja na bampa lake inakula kilo zisizopungua 60 mbele ya ekseli ya mbele. Tumechukua vibao viwili vya kukwamulia, chepe mbili, na ubao mnene wa mvule wa kuwekea jeki isizame.

Machi

Kinu kimoja cha pamba kilituruhusu kupima gari kwenye mizani yake ya malori, kila kitu kikiwa kimepakiwa. Jumla ilikuwa chini kidogo ya tani 3, ndani ya kikomo kilichoandikwa kwenye bamba la gari. Tulipopandisha magurudumu ya nyuma peke yake ilionekana kwamba ekseli ya nyuma inabeba sehemu kubwa mno, kwa kuwa mzigo uliokaa nyuma ya ekseli hufanya kazi kama mtaimbo, ukiikandamiza ekseli hiyo na kuinyanyua ya mbele. Fundi alipendekeza kuongeza vipande vya springi. Sikukubali, maana springi ngumu ingehamishia mateso kwenye chasi. Tulihamisha mzigo: maji, sasa yakiwa katika vyombo vitatu badala ya kimoja ili ufa mmoja usitumalize, yamesogea hadi nyuma ya kabini, na tairi la pili la akiba limetoka mlangoni na kuingia chini ya kitanda. Shokapu za nyuma zimebadilishwa, kwa kuwa barabara iliyojikunja kama bati huzichemsha hadi mafuta yake yavuje.

Aprili

Mvua imenyesha vizuri, nasi tumeitumia. Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale, tope laini lililokauka na kushika magadi, na mvua ikinyesha hurudi kuwa tope. Karibu nasi, udongo wa mbuga wenye majaruba ya mpunga, chini ya miteremko ya luseni (udongo wa kichanga), una tabia inayokaribiana na hiyo. Tuliingiza gari kwenye ukingo wa mbuga iliyolowa, trekta la jirani likiwa limesimama kando, ili tuone ni vipi linavyokwama. Kupunguza upepo hakukusaidia kitu. Tope lilijaza meno ya tairi hadi yakawa laini, na magurudumu yote manne yakazunguka huku gari likiteleza kiubavu. Vibao vilisukumwa chini na kupotea. Kwa hiyo kanuni ya safari imeandikwa ubavuni mwa ramani: ikiwa mvua imenyesha North Horr au Maikona katika siku za karibuni, tunasubiri, au tunarudi Loiyangalani na kutokea Laisamis.

Mei

Tarehe imesogezwa hadi Julai, baada ya masika kwisha kabisa. Karatasi zinaendelea vizuri; kadi ya njano ya COMESA ya bima imeombwa, na Sirari ni kituo cha pamoja, hivyo taratibu za nchi zote mbili humalizwa mahali pamoja. Kati ya Baragoi na South Horr kuna historia ya wizi wa mifugo kwa silaha, kwa hiyo tutaulizia hali polisi Maralal kabla ya kuondoka, na jibu lao likiwa baya tutapita Isiolo na kuingia Chalbi kutokea Marsabit. Simu ya satelaiti tutaazima.

Kilichobaki gereji ni mkanda wa taimingi, ambao kwa injini hii hubadilishwa kila kilomita 100,000 na wa gari hili hauna historia iliyoandikwa, pamoja na pampu ya maji, kwa kuwa kifuniko kitakuwa kimeshafunguliwa. Vipuri vimefika. Fundi amenipa Jumatatu, nami nimemwomba mkanda wa zamani asiutupe, ili nione umechakaa kiasi gani.