Wananiita kwa jina la aliyenitangulia

Saa tisa usiku, na usingizi haujaja. Leo ni siku ya kumi na moja tangu nije huku ng'ambo kujitolea. Kati ya huku na nyumbani kuna tofauti ya saa saba, na safari yetu ilielekea mashariki, upande ambao mwili huugomea zaidi. Wanasema mwili hujirekebisha kwa kama saa moja kila siku. Kwa hesabu hiyo ningekuwa nimeshapona. Basi acha niandike.

Nianze na uwanja wa ndege, maana pale ndipo nilipoanza kuwa mzigo. Foleni ya uhamiaji ilikwenda vizuri hadi zamu yangu. Afisa akaifungua kadi yangu ya manjano, akaigeuza, akaweka kidole kwenye tarehe. Nilichanjwa miaka kumi na miwili iliyopita, na kadi inasema miaka kumi. Haki ilikuwa yangu: tangu Julai 2016 cheti cha homa ya manjano ni cha maisha, hata zile kadi za zamani zilizoandikwa miaka kumi. Lakini haki hiyo ningeidai kwa lugha gani? Nikabaki natabasamu na kunyoosha vidole kama bubu, huku watu nyuma yangu wakihemea kisogoni. Mwishowe akaja afisa mmoja mtu mzima kutoka dirisha la pili, akasema maneno mawili, muhuri ukagongwa. Nikamshukuru kwa neno pekee nililokuwa nimelikariri kwenye ndege. Siku mbili baadaye ndipo nikaambiwa kwamba neno lile si asante, ni karibu. Nilimkaribisha mtu nchini kwake.

Mafunzo elekezi yalichukua siku tatu, nyingi zikiwa za fomu. Nakumbuka mchoro mmoja tu ubaoni, hatua nne alizoziandika Kalervo Oberg mwaka 1960 kuhusu mshtuko wa utamaduni: fungate, mgogoro, nafuu, kuzoea. Yangu fungate sikuiona, labda kama ni zile siku saba za kukesha.

Kisha kituoni. Kwenye mkataba wangu kazi imeandikwa hivi: kuimarisha mfumo wa kumbukumbu. Maneno mazuri, niliyasoma mara nyingi kabla ya kusafiri, nikajiona tayari nimeshawafaa watu. Nilipoingia ofisini nikakuta jedwali limebandikwa ukutani, limechapwa kwa rangi, safu zake zimeanzia A zikaenda mpaka Z. Ni kazi ya mwenzangu aliyekuwa hapa kabla yangu. Tarehe ya mwisho kujazwa ni ya wiki aliyoondoka. Kompyuta yenyewe iko kabatini, imefunikwa kitambaa kisafi, kama marehemu anayeheshimiwa.

Kumbukumbu zote ziko kwenye daftari moja kubwa lenye jalada gumu, na daftari hilo lina mwenyewe. Kichwani nimembatiza Mama Daftari. Ukimtajia mtu aliyekuja miezi minane iliyopita, analowesha kidole, anageuza kurasa nne au tano, anakuonyesha mstari. Nilimuuliza, kupitia kijana anayetutafsiria, kwa nini kompyuta haitumiki. Akajibu bila kuinua kichwa: nywila aliondoka nayo. Halafu akaongeza jambo ambalo kijana alisita kidogo kulitafsiri: na hata angeiacha, zile safu ziliuliza mambo ya watu wa mbali, si yetu.

Usiku huu hilo ndilo linalonigeuza kitandani. Kutuma watu wa kujitolea ng'ambo si jambo la jana. Peace Corps ya Marekani ilianza mwaka 1961, mpango wa Umoja wa Mataifa ukaundwa 1970. Miaka yote hiyo, ni nywila ngapi zimepanda ndege na wenyewe? Na simlaumu mwenzangu. Nimeutazama mwandiko wake kwenye vibandiko vya rafu, herufi zimepangwa kwa uangalifu wa mtu aliyetaka kupendwa. Nilipoulizia mkataba wake, nikaambiwa nao ulisema kuimarisha mfumo wa kumbukumbu.

Hapa wananiita kwa jina lake. Mlinzi, mpishi, hata watoto wa nyumba niliyofikia. Siku za mwanzo nilikuwa nasahihisha, najigonga kifua na kutamka jina langu polepole. Wanacheka, wanalirudia vizuri kabisa, kesho yake tunarudi palepale.

Leo asubuhi Mama Daftari alinipa rula na kalamu, akanifungulia kurasa tupu za mwisho wa daftari. Niupige mistari. Safu sita. Mstari wangu wa kwanza ulikwenda upande, akauangalia, akanibana mkono juu ya rula mpaka ikatulia, akaniachia. Ya kurasa za mbele ilinyooka. Safu ya sita ni nyembamba, nikauliza ya nini. Ni ya kuweka alama mtu akirudi, akasema, maana wengine hawarudi na inabidi wafuatwe nyumbani. Kwenye jedwali la ukutani nimetafuta safu hiyo kuanzia A hadi Z. Haimo.

Nilipiga mistari kurasa arobaini. Wino umenichafua kidole cha kati, haujatoka mpaka sasa. Jioni nikiwa mlangoni nasubiri usafiri, nikamsikia ananiita kutoka ndani kwa jina lile lile la mwenzangu, ameshika daftari jingine jipya.

Nikaitika.